Dume Langu Mheshimiwa na Kiti cha Mbele

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Leo nimedharauliwa rasmi. Kikao cha ukoo, nyumbani kwa mama mkwe, hapa hapa Chilangala. Ajenda ni harusi ya binti yangu Shamila, Jumamosi ya tarehe kumi na mbili Oktoba. Anaolewa na Ashraf wa Lisekese. Kijana mzuri, sina neno naye. Neno ninalo na shemeji yangu Salmini, kaka wa mke wangu, yaani mjomba wa bibi harusi. Salmini kakaa kwenye kiti chenye mgongo. Mimi, Sultani, baba mzazi, nimekaa mkekani karibu na mlango, kuku wananiruka miguu.

Mila zetu nazijua. Mtoto huku kwetu ni wa ukoo wa mama. Mjomba ndiye mwenye shughuli. Anapokea wageni, anakaa kiti cha mbele, anagawa nyama. Baba anasaidia kubeba viti. Msikitini nitaozesha mimi, hilo sheikh kasema halina mjadala. Lakini msikitini ni dakika chache tu, na nyama hakuna.

Nikasimama. Nikasema safari hii shughuli naisimamia mimi na ng'ombe natoa mimi. Ng'ombe haelemewi na nunduye! Salmini akacheka kwa pua. Akasema yeye analo dume lake la mbegu ya Borani, limeshiba, linasubiri siku tu. Nikasema hata mimi ninalo dume. Sina. Lakini neno lilishatoka.

Mama mkwe akakata shauri. Kila mtu alete dume lake. Alhamisi kabla ya harusi afisa mifugo apime. Dume litakaloonekana lina nyama nyingi ndilo litakalochinjwa, na mwenyewe ndiye atakayegawa na kukaa kiti cha mbele. Atakayeshindwa abebe viti.

Njiani mke wangu akaniuliza dume lenyewe liko wapi. Nikamjibu asiwe na haraka.

Ijumaa, 6 Septemba

Nina dume! Nimetoka nalo Lisekese kwa miguu, kupanda mlima mpaka huku juu. Kwa miguu kwa sababu pikipiki yangu ndiyo niliyombadilishia mfugaji. Biashara safi. Pikipiki haina nyama.

Mfugaji kaniapia kwamba dume hili lina damu ya Borani, tena baba yake alitoka kwenye ranchi kubwa huko kaskazini. Nikamuuliza mbona limekuwa dogo. Akasema limechoka na safari, likipumzika litatanuka. Maelezo yenye akili. Nimeliita Mheshimiwa, maana linatembea polepole na halisikilizi mtu.

Afisa mifugo wetu, Bi Isabela, kaja jioni kuliangalia. Mwanamke huyu anapenda kupima kuliko kula. Akalizunguka, akalifungua mdomo, akalishika nundu. Akasema hili ni zebu wa kienyeji, kienyeji kabisa, na meno yanaonyesha limeshaona mengi duniani. Akanieleza kwamba kienyeji ana sifa zake, anavumilia jua, kiu na magonjwa, ila hukua kidogo kidogo. Borani akilishwa vizuri huongezeka kila ukimtazama. Kisha akasema jambo la kunitisha. Ati uzito wa ng'ombe aliye hai si nyama! Toa ngozi, kichwa, kwato, damu, utumbo na vilivyomo ndani ya utumbo. Kwa kienyeji kinachobaki kinaweza kisifike hata nusu, na humo bado mna mifupa.

Nikamuuliza, kwa hiyo muda wote nitakuwa nalisha mavi? Akasema kwa sehemu, ndiyo.

Mke wangu alikuwa anasikiliza dirishani. Alicheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi, 14 Septemba

Tatizo ni maji. Huku juu maji yanaletwa kwa ndoo, kwa foleni, kwa ugomvi. Mheshimiwa anakunywa kama analipiza kisasi. Mapema wiki hii mke wangu kasema nichague mmoja, ng'ombe au yeye, kwa sababu ndoo za wote wawili hazibebi. Nilichelewa kujibu kidogo. Kosa kubwa.

Usiku huo nililala nje, na huko nje ndiko nilikopata wazo. Mabibo! Mabibo ya kwanza yameanza kudondoka chini ya mikorosho. Bibo ni maji matupu, tamu, na bure. Borani wa Salmini anakula pumba na majani, chakula cha kawaida cha ng'ombe wa kawaida. Mheshimiwa atakula tunda. Nimekusanya mabibo ya shamba zima, nikayajaza kwenye pipa yakae pamoja yalainike. Yamekaa juani tangu juzi. Leo asubuhi nimempa yote.

Asubuhi kila kitu kilikuwa shwari. Mchana Mheshimiwa akaanza kuegemea ukuta. Mimi mtu wa mikorosho tangu kuzaliwa! Bibo likivunda ni pombe, hata mtoto mchanga wa Chilangala anajua. Nimewahi kuwakanya vijana wangapi na uraka? Lakini kwa ng'ombe akili haikunipeleka huko. Nilidhani ng'ombe ana tumbo lake tofauti.

Alasiri akakata kamba. Akaenda moja kwa moja uwanjani kwa Salmini, akamlamba Borani masikio, kisha akalala katikati ya mlango na kukoroma. Wageni wa Salmini ilibidi wapitie dirishani. Salmini kaniletea ujumbe kwamba anaushukuru ugeni wa Mheshimiwa, ila siku nyingine abishe hodi.

Fedheha! Lakini nimeona jambo moja. Akiwa amelala anaonekana mpana.

Jumatatu, 23 Septemba

Haiwezekani kunenepesha kitu usichokipima. Bi Isabela ana utepe, na utepe ni kitambaa tu. Mimi nikafikiria mzani halisi. Ghala la korosho lina mzani wa kupimia magunia. Msimu haujaanza, mzani umekaa bure.

Mheshimiwa hakuenea juu yake. Hapo ndipo akili ya mkulima inapofanya kazi. Nikapima miguu ya mbele. Nikaandika. Nikamgeuza, nikapima ya nyuma. Nikaandika. Nikajumlisha. Salaale! Uzito mkubwa ajabu! Kumbe kila alipokuwa na miguu miwili mzanini nilikuwa nimemkumbatia, na miguu yangu ilikuwa mzanini pia. Nimejipima mara mbili.

Katibu wa ghala akatukuta. Mzee Nikolao, mtu wa taratibu. Hakuuliza ng'ombe anafanya nini ghalani. Aliuliza daraja la kwanza au la pili, na kama tumekausha vya kutosha, maana mzigo wenye unyevu haupokelewi. Kisha akamchoma Mheshimiwa ubavuni kwa kile chuma cha kutolea sampuli kwenye gunia. Mazoea tu, maskini, hakukusudia. Mheshimiwa akapiga teke. Mzani ule sasa hata ukiwa mtupu unaonyesha kilo kumi na mbili.

Nimepigwa marufuku ghalani, mimi na mzigo wangu.

Jumanne, 1 Oktoba

Kupe! Bi Isabela kasema Mheshimiwa haongezeki kwa sababu kupe wanamnyonya, nikamwogeshe dawa. Josho liko mbali, na dawa yenyewe sijui inafananaje. Lakini mimi si mjinga. Mkorosho ukishambuliwa unafanyaje? Unapulizia unga wa salfa. Maua yanapona, korosho zinajaa. Mheshimiwa naye ameshambuliwa. Salfa ninayo, imebaki ya mwaka huu, na mashine ya kupulizia ninayo mgongoni.

Nikavaa barakoa. Nikasimama upande wa upepo. Nikampulizia kama mkorosho, kuanzia juu kwenda chini, na kote anakokunja.

Sasa ni wa njano. Njano yote, kwato mpaka nundu. Nimemkung'uta kwa ufagio, njano imeingia zaidi. Maji ya kumwosha hakuna. Anapiga chafya tangu adhuhuri, na kila chafya inatoa wingu dogo.

Watu wamekuja kumwangalia kutoka vitongoji vyote. Bibi mmoja kauliza kama huyu ndiye Borani. Nikasema hapana, mama, Borani ni weupe, huyu ni mbegu nyingine bora zaidi, inaitwa Njano ya Makonde, inakua haraka na nyama yake ni laini. Maneno yalinitoka yenyewe. Jioni nilikuwa nimeshaanza kuyaamini.

Shamila kanisubiri mpaka watu wameondoka. Akasema baba, mimi sihitaji ng'ombe mkubwa. Nataka tu siku hiyo uwepo, unishike kichwa, uniombee dua, ndipo nipande gari. Nikamwambia mwanangu, nitakushika kichwa nikitokea kiti cha mbele, watu wote wakiona. Akanipangusa salfa begani. Machozi yalinilenga, nikasema ni salfa.

Jumatano, 9 Oktoba

Kesho ni kupimwa. Kwa jicho tu Borani bado anamzidi Mheshimiwa. Nimefikiri sana. Uamuzi ni chumvi.

Ng'ombe akilamba chumvi anakunywa. Akinywa anajaa. Akijaa ni mkubwa. Nimempa mfuko mzima wa chumvi ya jikoni, kisha nikaenda kumtafutia maji. Nikazunguka na ndoo kila nyumba. Hakuna. Kila mtu kasema maji yote yameshapelekwa kwetu, ya harusi. Nikarudi kuuliza ya harusi yako wapi.

Mheshimiwa alikuwa ameshayapata. Mapipa matatu, uani, yaliyofunikwa kwa masinia. Maji ya kuoshea mchele, ya kupikia pilau, ya wageni kunawa. Akina mama wa mtaa mzima walipanga foleni kuyapata. Mawili yalikuwa makavu, la tatu alikuwa ameingiza kichwa na mabega.

Mke wangu hakupiga kelele. Aliokota masinia, moja moja. Ningependa angepiga kelele. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akawaita wenzake, wakaenda na ndoo kijiji cha pili. Nilitaka kwenda nao. Akasema nibaki na mheshimiwa wangu.

Alhamisi, 10 Oktoba

USHINDI! Naandika kabla hata sijala.

Watu walijaa kwa mama mkwe. Borani wa Salmini akapimwa kwanza. Bi Isabela akamzungushia utepe kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Akasoma. Watu wakaguna kwa heshima. Nami nikaguna kidogo, sikuweza kujizuia.

Zamu ya Mheshimiwa. Tumbo lilikuwa limetuna huku na huku, maji yanasikika yakicheza akitembea. Nikamwambia Bi Isabela apime pale kwenye tumbo. Akasema tumbo halipimwi, kinachopimwa ni kifua. Moyo ukanishuka mpaka kwenye kandambili. Chumvi yote ile! Maji yote yale! Niliona kabisa mgongo wangu na viti vya plastiki juu yake.

Akazungusha utepe. Vumbi la salfa likapaa. Mheshimiwa akainua kichwa, akafumba macho, akaanza kuvuta pumzi ya chafya. Akavuta. Akavuta tena. Kifua kikapanda, kikapanda, na Bi Isabela akasoma namba hapo hapo. Vidole viwili zaidi ya Borani! Kisha chafya ikatoka. Bi Isabela akawa wa njano kuanzia kwenye ushungi mpaka kwenye viatu.

Salmini akaomba kipimo kirudiwe. Bi Isabela, akipangusa miwani, akasema harudii kitu.

Mama mkwe akaniita mbele, akasema mwenye shughuli ni Sultani. Mara ya kwanza kunitaja jina tangu nimwoe binti yake. Salmini akanipa mkono. Nilimpa wangu taratibu, kama mtu mwenye mambo mengi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mheshimiwa kachinjwa leo asubuhi na mzee Faruku, mchinjaji wetu. Nilitoa hotuba fupi kabla. Nilihuzunika kidogo, tulikuwa tumezoeana.

Walipofungua tumbo uwanja ulilowa. Wakachuna, wakakata, wakaweka kwenye majani ya mgomba. Niliona lundo. Nikauliza lingine liko wapi. Faruku akasema ndilo hilo. Nikauliza kama wameangalia na upande wa pili. Akasema bwana Sultani, ng'ombe ana pande mbili, na zote ziko hapo.

Lundo dogo! Mifupa, ngozi, utumbo wa kutosha kijiji, na nyama ya kulisha labda meza ya wazee. Wageni wa Lisekese peke yao ni mabasi mawili. Nilikaa juu ya gogo. Kichwa kilikuwa kizito. Nikamwona akilini Shamila siku ya kesho, na kinamama wa ukweni wakipeana macho kwamba bibi harusi huyu kwao hawana nyama. Hilo ndilo lililoniuma, wallahi, si kiti.

Jioni Salmini akaja akimkokota Borani. Akampa Faruku kamba. Hata kunitazama hakunitazama. Wakamchinja palepale, na nyama ikamwagwa kwenye masufuria yale yale. Bi Isabela akaja mbio na mzani wa kuning'iniza, kapima malundo yote mawili, furaha imemjaa. Kasema Borani ametoa karibu mara mbili ya Mheshimiwa, na kwamba siku nyingi alitamani kuona mbegu mbili zikichinjwa sambamba. Nikamwambia asifananishe. Yule mwingine alikuwa na faida ya kuwa Borani.

Nikamwambia Salmini nitampa nafasi ya kusimama karibu nami wakati wa kugawa. Akasema hapana, shemeji, mgawaji ni wewe, tumeshapima. Akaenda kubeba viti.

Nimekubali msaada wake ili nisimvunje moyo.

Jumapili, 13 Oktoba

Harusi imepita. Nimelala leo mchana kutwa, sitaki kuongea.

Msikitini tuliozesha vizuri. Kisha nikaingia kazini. Nyama si jambo la kumwachia mtu. Nilisimama kwenye masufuria na upawa tangu adhuhuri. Kila sahani nilikagua. Kinamama wa Lisekese walitaka mbavu, nikawaeleza mbavu zina utaratibu. Wazee wakasifu nyama laini. Nikawaambia hiyo ni Njano ya Makonde. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu, nakiona kwa mbali, kimefungwa kitambaa cheupe. Nikasema nitakaa nikimaliza mbavu.

Mshereheshaji akaita baba wa bibi harusi aje aseme neno. Nilisikia. Nikainua upawa kumaanisha nakuja. Akaita tena. Mke wangu akaja mwenyewe, na hereni zake zote, akaniambia Baba Shamila, mtoto anaondoka. Nikamwambia dakika moja, kuna mtu kachukua sahani mbili. Nikamfuata yule mtu. Nilimpata, nikarudisha sahani.

Nilipofika mbele, na mafuta mpaka kwenye viwiko, gari lilikuwa limeshatoka. Vumbi tu. Ilibidi Salmini amshike kichwa, amwombee dua. Aliniambia kwamba Shamila aliomba wanisubiri, wakasubiri, dereva akawa anaogopa giza la mlimani.

Nikakaa kwenye kile kiti cha mbele. Uwanja mtupu, watu wanakunja mikeka. Nililia. Nilimgawia nyama kila mtu aliyekanyaga Chilangala, na mwanangu mwenyewe sikumpa mkono. Mke wangu akaja akakaa mkekani, chini yangu. Akanipangusa mafuta viwikoni kwa kanga. Akasema Shamila aliacha salamu, alinitafuta kwa macho mpaka gari likakata kona.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimepiga simu Lisekese mara nyingi. Shamila hana kinyongo. Yeye ndiye kaniombea dua mimi, badala ya mimi kumwombea yeye. Nimemwahidi nimebadilika. Nimemwambia baba ni baba, na binti hatakiwi kutafuta baba yake kwa macho siku ya harusi, na mila isiyompa baba mzazi nafasi haina maana, na mtu anayempokonya baba nafasi yake hana utu. Tulilia wote wawili kwenye simu. Mke wangu akasema leo nimesema maneno ya mtu mzima.

Saa hiyo hiyo ikaingia simu ya dada yangu Somoe wa Chiwata. Habari njema! Binti yake anaolewa baada ya msimu wa korosho. Binti wa dada yangu, kwa hiyo mjomba ni mimi. Mwenye shughuli ni mimi, bila kupimwa, bila chafya. Nikamwambia Somoe aandae kiti chenye mgongo.

Akasita. Akasema kuna jambo dogo. Mumewe Hamudi, yule mtu mpole asiyesema kitu, ameomba kwa unyenyekevu kama safari hii, kwa vile ni binti yake wa pekee, yeye baba mzazi angeruhusiwa kutoa ng'ombe, agawe nyama, na akae mbele siku moja tu.

Ebo! Baba! Agawe nyama, na mjomba ningali hai? Dunia imekwisha! Nimemwambia Somoe amwambie mumewe mila ni mila, hazikuanza na sisi, na kama anaona mgongo unamwasha, viti vya kubeba viko vingi.